Karatasi Kabla ya Sindano

Saa nane na dakika nane za usiku, tarehe 3 Oktoba 2010, askari wa doria katika jimbo la Missouri nchini Marekani alisimamisha gari lililokuwa likikimbia na kuvuka mstari wa katikati mara kwa mara. Dereva alikuwa na macho mekundu na ulimi mzito, pumzi inanuka pombe, na alikiri kwamba alikuwa ametoka kunywa bia baa. Alipoambiwa apulize kipimapombe akakataa. Akapelekwa hospitali, akaambiwa atoe damu, akakataa tena. Ilipofika saa nane na dakika thelathini na tano damu yake ilikuwa tayari imo kwenye tyubu, na hakuna hakimu yeyote aliyeulizwa. Maabara ilisoma kilevi cha asilimia 0.154. Mpaka wa sheria ni 0.08.

Dakika ishirini na saba. Kesi iliyotokana nazo, Missouri dhidi ya McNeely, ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na tarehe 17 Aprili 2013 mahakama hiyo ikaamua kwamba kupungua kwa pombe mwilini, peke yake, si dharura ya kumfanya polisi amruke hakimu kila mara. Kama muda wa kupata hati ya upekuzi upo na ushahidi hautaharibika, hati itafutwe. Msingi wake ni Marekebisho ya Nne ya Katiba yao, ya mwaka 1791, yanayomkinga mtu, nyumba yake, karatasi zake na mali zake dhidi ya upekuzi usio na sababu.

Uamuzi huo unabishaniwa mpaka leo, na Waswahili hawako mbali na mabishano hayo. Houston na Dallas zina Wakenya, Watanzania na Wakongo wengi. Wapo wanaoendesha matrela, wapo wauguzi wa zamu ya usiku, na wikendi haipiti bila harusi, matanga au harambee ambayo watu wataondoka kwa magari yao. Nimeyapanga mabishano hayo hapa kama mazungumzo ya watu wanne katika sebule moja ya Houston, chai ya tangawizi ikiwa mezani: Mama aliyefiwa na mwanawe barabarani, Dereva wa trela, Muuguzi wa chumba cha dharura, na Wakili kijana. Sitajificha nyuma yao. Penye langu la kusema nitalisema.

Mama: Nianze mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyezika. Pombe haikai kwenye damu ikamngoja hakimu aamke, avae miwani, asome. Ini la mtu halilali. Kila dakika mnayomtafuta mheshimiwa, ushahidi wa mwanangu unayeyuka kwenye mwili wa aliyemuua. Mtu akikutwa na panga mkononi, mnamwacha nalo kwanza mkaombe ruhusa?

Wakili: Pole sana, mama. Hapana, panga lingechukuliwa palepale, kwa sababu liko nje na mtu anaweza kulitupa. Damu iko ndani yake na hawezi kuikimbia. Na kuyeyuka kwake kuna hesabu. Ini hupunguza kilevi kwa takriban asilimia 0.015 hadi 0.02 kwa saa. Yule wa Missouri mwenye 0.154 angehitaji saa tatu na nusu au zaidi, pengine karibu tano, ndipo ashuke hadi 0.08. Na ikaonekana mahakamani kwamba usiku ule mwendesha mashtaka wa zamu alikuwepo, na askari hakuwa na sababu ya kudhani hakimu asingepatikana. Alishawahi kuomba hati katika kesi kama hizo. Safari hii aliamini tu kwamba haihitajiki tena.

Mama: Hiyo hesabu ni ya mwenye 0.154. Niambie ya mwenye 0.09.

Wakili: Huyo anashuka chini ya mpaka ndani ya nusu saa, dakika arobaini hivi. Hapo una haki, mama, na sitakuficha: hiyo ndiyo kesi ngumu. Wataalamu huweza kuhesabu kurudi nyuma, kwamba kama saa tisa alikuwa na kiasi hiki basi saa nane alikuwa na kile. Lakini mawakili wa utetezi huishambulia hesabu hiyo, na wakati mwingine wanashinda. Ndiyo maana mahakama haikusema hati ni lazima siku zote. Ilisema kila tukio litazamwe kwa hali yake.

Huko nyuma, mwaka 1966, mahakama hiyohiyo ilikuwa imekubali damu iliyochukuliwa bila hati. Katika kesi ya Schmerber dhidi ya California mtu alipata ajali Los Angeles, akapelekwa hospitali, na askari akamwagiza daktari achukue damu huku mwenyewe akipinga kwa ushauri wa wakili wake. Majaji watano walisema muda ulikuwa umeliwa na ajali na safari ya hospitali, na tena kwamba kuchukua damu si kumlazimisha mtu kutoa ushahidi dhidi ya nafsi yake, kwani damu si maneno. Wanne walikataa. Kwa karibu miaka hamsini polisi wengi waliisoma hukumu ile ya watano kama ruhusa ya jumla, na McNeely ndiyo iliyowarudisha kwenye mipaka yake. Mwaka 1966 hakimu alikuwa mtu wa kuendewa mlangoni. Mwaka 2013, katika maoni ya Jaji Mkuu kwenye kesi hiyo, ilitajwa kwamba katika kaunti moja ya Kansas polisi hutuma ombi kwa barua pepe, hakimu hulisoma kwenye aipadi yake, na hati imeshawahi kurudi ikiwa na saini kabla ya dakika kumi na tano kwisha.

Dereva: Dada wakili, hizo dakika kumi na tano ndizo zinazonitisha. Nyinyi mnasifu wepesi. Mimi niko Texas, naendesha trela, na kwetu wa leseni ya malori mpaka si 0.08, ni 0.04. Zamani afande akikusimamisha ulikuwa na neno lako: sipulizi, sitoi damu. Unanyang'anywa leseni ya kawaida siku 180, umelipa bei ya kukataa kwako. Siku hizi kuna wikendi za "hakuna kukataa". Nne Julai, mwaka mpya, hakimu yuko zamu, fomu imeshachapwa: macho mekundu, weka alama, ulimi mzito, weka alama, harufu, weka alama, ameyumba, weka alama. Inatumwa, inarudi, unashikwa mkono. Mlisema hati ni ngao yangu. Naona imekuwa kamba ya kunifungia.

Mama: Kama hujanywa, kamba ya nini?

Dereva: Mama, kwa heshima zote. Ninaruhusiwa kisheria kuendesha kwa jumla ya saa kumi na moja kabla ya mapumziko marefu. Baada ya saa kumi na moja, macho yangu ni mekundu. Kiingereza changu nimekisomea Kakamega, na afande aliyezaliwa Lubbock akikisikia usiku wa manane anaandika kwamba ulimi ni mzito. Miguu imekufa ganzi, nikishuka nayumba. Nimeshajaza alama tatu kati ya nne na sijaonja hata tone.

Muuguzi: Na usisahau wagonjwa wa kisukari. Sukari ikishuka sana, mtu anaongea kama mlevi, anatembea kama mlevi, anakuwa mkali kama mlevi. Ikipanda sana hadi damu iwe na asidi, pumzi yake inatoa harufu ya matunda yaliyoiva kupita kiasi. Nimewapokea watu wa namna hiyo wakiwa na pingu mikononi. Ukimsubirisha huyo kwa sababu umedhani ni pombe, anaweza kufa.

Mazungumzo yalipofika hapo Muuguzi aliomba aonyeshe kazi yenyewe, maana waliokuwa wakiibishania hawakuwahi kuifanya. Akaweka kikombe chake pembeni na kutumia meza kama trei.

Muuguzi: Sanduku la polisi huja limefungwa. Ndani yake kuna tyubu mbili zenye kifuniko cha kijivu. Kijivu kina maana yake: ndani mna unga mweupe kidogo wa dawa mbili, moja ya kuzuia damu isigande, nyingine ya kuzuia vijidudu visichachushe sukari iliyomo kwenye damu ikageuka pombe ndani ya tyubu. Ngozi huipangusi kwa spiriti, kwa sababu spiriti yenyewe ni pombe, unatumia iodini. Unafunga mpira juu ya kiwiko, unatafuta mshipa, unaingiza sindano. Tyubu ikijaa unaigeuza juu chini polepole mara kadhaa ili dawa ichanganyike, huitikisi. Unaandika jina, tarehe, saa. Unabandika muhuri. Kazi nzima haifiki dakika tano kama mtu ametulia. Asipotulia, ndugu zangu, ni kitu kingine kabisa. Wanamshika watu wanne. Mimi ndiye mwenye sindano, na mkono unaorukaruka unaweza kunichoma mimi.

Wakili: Na sheria inaruhusu kushikwa huko pale hati inapokuwepo.

Muuguzi: Najua. Ndiyo maana nataka niione hati kwa macho yangu. Siombi kwa ubishi. Mgonjwa akiwa kitandani kwangu ni wangu, awe mlevi awe mtawa. Mnakumbuka ya Salt Lake City?

Ilikuwa tarehe 26 Julai 2017, katika kitengo cha majeraha ya moto cha hospitali ya Chuo Kikuu cha Utah. Dereva wa lori alikuwa ameletwa akiwa ameungua na hana fahamu, baada ya gari lililokuwa likiwakimbia polisi kumvaa uso kwa uso. Hakushukiwa kosa lolote. Yeye ndiye aliyegongwa. Mpelelezi alifika akataka damu yake. Muuguzi wa zamu alimsomea utaratibu ambao hospitali na polisi walikuwa wamekubaliana: damu hutolewa mgonjwa akikubali, au akiwa amekamatwa, au kukiwa na hati. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichokuwepo. Mpelelezi alimkamata muuguzi, akamtoa nje huku muuguzi akipiga kelele, na kumtia pingu. Picha za kamera zilipotoka mwisho wa Agosti, Marekani nzima iliziona. Mpelelezi alifukuzwa kazi Oktoba mwaka uleule, na muuguzi akalipwa dola 500,000 na jiji pamoja na chuo. Mgonjwa alifariki Septemba kwa majeraha yake.

Muuguzi: Mwenzangu yule hakuwa akimficha mlevi. Alikuwa anauliza swali moja: nani kakuruhusu? Mwenye pingu hakuwa na jibu, akatumia pingu. Tangu siku ile, kila muuguzi ninayefanya naye kazi anajua tofauti ya kibali cha maneno na hati yenye saini.

Dereva: Lakini kwa nini damu? Kipimapombe kipo. Hata Nairobi polisi walisimama barabarani na alkoblo, watu wakapuliza.

Wakili: Hilo ndilo swali la Birchfield dhidi ya North Dakota, Juni 2016. Mahakama ya Juu ilitenganisha pumzi na damu. Pumzi, baada ya kukamatwa kihalali, haihitaji hati: unapuliza, namba inatoka, hakuna kinachobaki. Damu inahitaji. Ngozi inatobolewa, sehemu ya mwili wako inaondoka, na inabaki mikononi mwa serikali. Ndani yake mna zaidi ya pombe: ugonjwa wako, ujauzito, vinasaba vyako. Kwa hiyo mahakama ikasema jimbo haliwezi kumfanya mtu kuwa mhalifu kwa sababu tu amekataa kutoa damu bila hati.

Muuguzi: Ila pumzi haisemi kila kitu. Aliyevuta bangi, aliyemeza vidonge vya usingizi, kipimapombe kitampa sifuri na bado atakuua. Hapo damu ndiyo njia.

Wakili: Kweli. Na ndiyo maana hatusemi damu isichukuliwe. Hapa Texas mwaka 2019, katika kesi ya Martinez, mahakama kuu ya jinai ya jimbo ilikwenda mbele zaidi: hata damu ambayo hospitali imeichukua kwa matibabu, serikali ikitaka kuipima baadaye kwa ajili ya mashtaka, upimaji huo ni upekuzi unaojitegemea. Hati iliyoruhusu kuitoa inatosha kuipima, wakasema mwaka uliofuata, lakini pasipo hati yoyote serikali haiwezi kujichukulia tyubu ya mgonjwa kwenye friji ya hospitali.

Dereva: Na aliyezimia? Huyo hakatai wala hakubali.

Swali hilo liliwanyamazisha wote kidogo, na lina haki ya kuwanyamazisha. Juni 2019, katika kesi ya Mitchell dhidi ya Wisconsin, Mahakama ya Juu ilikutana na mtu aliyekutwa karibu na Ziwa Michigan akiwa hoi kwa ulevi, pumzi yake ikisoma 0.24, na aliyepoteza fahamu njiani kwenda hospitali. Damu ilichukuliwa bila hati, ikasoma 0.222. Majaji wanne walisema kwamba dereva akizimia kiasi cha kuhitaji kupelekwa hospitali, karibu kila mara hiyo ni dharura na hati haihitajiki. Wa tano akaungana nao katika matokeo kwa sababu zake mwenyewe. Jaji Sotomayor, aliyeandika hukumu ya McNeely, alipinga.

Mimi niko upande wake. Mtu mwenye fahamu anaweza kusema hapana, na hapana yake inamlazimisha askari kupiga simu. Asiye na fahamu hana sauti ya kumlazimisha yeyote, na kwa hukumu hii ulinzi unampungukia palepale anapouhitaji zaidi. Yule dereva wa lori wa Utah naye hakuwa na fahamu. Kesi zao si sawa, kwa kuwa yeye hakushukiwa kulewa, lakini kitandani hospitali wote wawili wanafanana: mkono umelala juu ya shuka, na anayeamua ni aliyesimama.

Mama: Mmesema yote kuhusu aliyeshikwa mkono. Hakuna aliyesema kuhusu aliyelala kaburini. Mnajua ni wangapi?

Wanajua. Hukumu yenyewe ya McNeely inazitaja takwimu hizo: watu 9,878 walikufa mwaka 2011 katika ajali za madereva walevi nchini Marekani, mmoja kila dakika 53. Baadaye idadi hiyo ilipanda. Mwaka 2022 walikuwa 13,524. Yeyote anayezungumzia haki za dereva bila kuzishika namba hizo mkononi hajauelewa mjadala, na naona Mama alikuwa sahihi kuirudisha sebule nzima kwenye jambo hilo.

Dereva: Mama, mimi nazijua kuliko wengi. Nimeyapita magari yale yamekunjwa kando ya barabara namba 10 alfajiri. Sitetei walevi. Nasema tu kwamba kwetu wageni adhabu haingoji hukumu. Mwenye viza akikamatwa kwa ulevi, akikamatwa tu, ubalozi unaweza kumfutia viza yake; huo ndio utaratibu wao tangu 2015. Kwa hiyo saa ile barabarani, kabla ya mahakama, ndiyo kesi yangu yote. Na kama hakimu anasaini kila anachotumiwa, hati inanisaidia nini?

Hapa nitasema langu, kwa sababu hoja ya Dereva ndiyo nzito kuliko zote usiku ule, na wengi huishia hapo: kwamba hati ni muhuri tu, hakimu husaini nyingi kuliko anazokataa, basi tofauti iko wapi.

Tofauti iko kwenye mpangilio wa saa. Anayeomba hati huapa na kuandika alichokiona kabla hajajua damu itasema nini. Ameona nini, amenusa nini, gari liliyumba wapi, saa ngapi. Maneno hayo yanafungwa, hayabadiliki tena. Askari asiyeomba hati huandika sababu zake baadaye, maabara ikiwa imeshasoma 0.154, na mbele ya 0.154 kila sababu inaonekana nzuri. Macho yaliyokuwa mekundu kiasi yanakuwa mekundu sana. Si lazima awe mwongo. Binadamu yeyote hukumbuka hivyo akishajua jibu.

Kuna jingine ambalo mahakama haiwezi kuliona kwa jinsi ilivyo. Kesi zinazofika mbele ya jaji ni zile ambazo sindano ilikuta kitu. Dereva wa Kakamega ambaye damu yake ilisoma sifuri hashtakiwi, hana wakili, anapewa plasta na kuachiwa aende zake alfajiri akiwa amechelewa kufikisha mzigo. Hakuna hukumu inayobeba jina lake. Ukizihesabu kesi zilizopo utadhani polisi hawakosei kamwe. Karatasi iliyoandikwa mapema ndiyo alama pekee inayobaki ya usiku wa mtu huyo, na siku moja mtu akitaka kujua ni mara ngapi alama nne kwenye fomu zilimwangukia mchovu badala ya mlevi, atazisoma karatasi hizo au hatapata pa kusoma.

Ndiyo maana naikataa fomu ya kuweka alama. Hapo Dereva yuko sahihi kabisa. Alama haimwambii hakimu kitu, na hakimu anayesaini alama nne bila kuuliza swali moja ameiacha kazi yake kwa askari. Hati iwe na sentensi. Afande aandike: aligonga ukingo wa barabara mara mbili, nilipomuuliza anatoka wapi alijibu hivi, alipotoka garini alishika mlango asianguke. Dakika tatu zaidi zinatosha.

Mama: Sasa nisikilizeni, kwa sababu hamkuniuliza. Mwanangu alikufa 2012. Aliyemgonga alichukuliwa damu usiku uleule bila hati, kwa sababu sheria ya Texas wakati ule ilimwamuru askari achukue damu mtu akifa. Namba ilikuwa kubwa. Nikaambiwa tulia, mama, kesi hii imekwisha. Kisha ikaja hiyo McNeely yenu. Kesi ikaahirishwa, ikaahirishwa.

Wakili: Na Novemba 2014 mahakama kuu ya jinai ya Texas ikaamua, katika kesi ya Villarreal, kwamba amri ya sheria ya jimbo haiwezi kuchukua nafasi ya hati.

Mama: Ndiyo. Damu ikatupwa nje. Nilikuwa nimekaa benchi ya pili. Wakili wa yule mtu alimuuliza askari: usiku ule ulikuwa na simu? Akasema ndiyo. Hakimu wa zamu alikuwepo? Ndiyo. Ulijaribu kumpigia? Hapana. Kwa nini? Sikudhani ni lazima. Mwisho wakapatana kwa kosa dogo, akatoka. Miaka yote nimewalaani majaji. Leo nimemsikia huyu dada akitueleza habari ya tyubu ya kijivu, jinsi wanavyoogopa hata spiriti ya kupangusia isije ikaharibu ushahidi. Wakalinda damu kwa iodini na dawa na muhuri, halafu wakaiharibu kwa kutopiga simu moja. Simsamehi aliyemuua mwanangu. Lakini yule askari naye, angeandika.

Hakuna aliyejibu haraka. Wakili ndiye aliyesema baadaye kidogo, kwa sauti ya chini, kwamba katika kazi yake ameona hati ikimnyima mlevi njia ya kutokea mara nyingi kuliko alivyoona ikimwokoa.

Dereva: Basi nifanye nini mimi, nikisimamishwa?

Wakili: Kaka, kwanza usiendeshe ukiwa umekunywa, mpe mwenzako funguo, au lala hapohapo kwa mwenye harusi. Ukisimamishwa, toa leseni, weka mikono panapoonekana. Damu ikitakiwa, sema kwa utulivu kwamba hukubali bila hati. Useme mara moja, isikike kwenye kamera yao. Kama una kisukari, sema hapohapo. Hati ikija, usipigane na mtu. Mkono wako utaumia na muuguzi pia. Mabishano yaache ya mahakamani. Ila omba nakala.

Na mimi naongeza hili kwa msomaji aliye Texas au kwingineko Marekani, na kwa mwenye ndugu huko. Nakala hiyo usiitupe pamoja na karatasi za hospitali. Ipeleke kwa wakili, akaombe na kumbukumbu za maabara. Kwenye hati pameandikwa saa ambayo hakimu alisaini. Kwenye tyubu yenye kifuniko cha kijivu, muuguzi aliandika saa ambayo damu ilitoka. Zisomwe saa hizo mbili kwa pamoja. Ya hati inapaswa kutangulia.